Munganga Browne wa Yakusu na mikrobe isiyojua kuishi peke yake

Ukishuka muto Kongo kutoka Kisangani, kilometa karibu 20 hivi, unafika Yakusu, si mbali na pale muto Lindi unapoingia katika muto mukubwa. Misioni ya Wabaptisti wa Uingereza ilifungua pale mwishoni mwa karne ya 19, kisha lopitali ikafuata. Katika lopitali hiyo alitumika kwa zaidi ya miaka 20 munganga Stanley George Browne. Watu wa kule walimuita Bonganga, neno la Kilokele lenye maana ya munganga. Alipokufa mwaka wa 1986, alikuwa anajulikana dunia nzima kama mumoja wa watu walioelewa ukoma kuliko wengine wote. Na ukoma huo hakuanza kuujua katika vitabu vya London. Aliujua katika vijiji vya kandokando ya muto wetu.

Browne alizaliwa mwezi wa 12 mwaka wa 1907 huko New Cross, mutaa wa watu wa kawaida wa London. Nyumba yao haikuwa ya matajiri. Kijana aliacha shule mapema, akaanza kazi ya kuandika katika biro ya manispaa, na jioni, wakati wenzake wanapumzika, yeye alikuwa anaenda kusoma tena. Kwa njia hiyo ya kujibana alipata nafasi ya kusoma uganga, na mwaka wa 1933 akamaliza. Wakati ule, mutu hakuweza kuja kutibu katika Kongo ya Wabeleji bila kupita kwanza Anvers, Ubeleji, kwa masomo ya magonjwa ya inchi za joto, na kwa Kifaransa. Akapita Anvers. Mwaka wa 1936 akafika Yakusu.

Hakukuta pori tupu. Mbele yake kulikuwa munganga Clement Chesterman, aliyefika mwaka wa 1920 na kupigana vikali na ugonjwa wa usingizi, ule unaoletwa na mbung'o. Chesterman alikuwa ameelewa jambo moja ambalo Browne alilirithi: lopitali moja, hata ikiwa nzuri namna gani, haiwezi kutibu jimbo zima. Inafaa kufundisha vijana wa hapa hapa. Basi Yakusu kulikuwa shule ya wainfirmie Wakongomani, na kutoka shule hiyo walitoka watu walioshika zahanati ndogondogo kando ya mito na ndani ya pori. Browne alikuwa anazunguka kwa pirogi, kwa baiskeli na kwa miguu, lakini kazi ya kila siku, kupiga sindano, kuangalia ngozi, kuandika majina, ilikuwa mikononi mwa wainfirmie hao. Vitabu viwili viliandikwa kwa Kiingereza juu ya maisha ya Browne angali hai. Juu ya wainfirmie wake, hakuna kitabu kinachojulikana namna hiyo, na hilo ni deni.

Katika kupima vijiji, Browne alikuta ukoma mwingi kuliko alivyofikiri. Zaidi ya mabaka tu, aliona watu waliopoteza hisia kwenye mikono na miguu, wanaoungua na moto wa jiko bila kusikia, vidole vikikunjwa kama makucha, vidonda kwenye nyayo visivyopona. Dawa iliyokuwako ilikuwa mafuta ya mbegu za mti wa Asia unaoitwa chaulmoogra. Yalichomwa kwa sindano, yaliuma sana, na faida yake ilikuwa ndogo. Serikali ya Wabeleji ilikuwa na jibu lingine: kutenga. Mugonjwa aliondolewa katika kijiji na kupelekwa kambi. Tuseme wazi, kwa familia nyingi jambo hilo lilikuwa sawa na kifo cha mutu ambaye angali anapumua, na woga huo ulifanya watu wengi wafiche mabaka yao mupaka yawe mengi. Yakusu pia ilisimamia kambi ya wakoma, ile ya Yalisombo. Lakini Browne aliona kwamba mugonjwa anayejificha ndiye anayeharibika zaidi, na ndiye anayeambukiza zaidi, kwa hiyo alitaka tiba iwafuate watu katika vijiji vyao.

Sasa, adui mwenyewe ni nani? Mwaka wa 1873, huko Bergen katika inchi ya Norwe, munganga Gerhard Hansen aliona kwa mikroskopi vijiti vidogo sana ndani ya vipande vya ngozi ya wagonjwa wa ukoma. Ilikuwa mara ya kwanza ugonjwa wa kudumu namna hiyo kuhusishwa na mikrobe. Lakini Hansen alishindwa jambo moja, na wamunganga wote baada yake, Browne pamoja nao, walishindwa pia: kuiotesha. Mikrobe nyingi ukiziweka katika sahani yenye chakula, kesho asubuhi utazikuta zimejaa. Hii ya ukoma, ambayo wasomi wanaiita Mycobacterium leprae, haioti katika sahani. Mupaka leo, hakuna aliyeweza.

Sababu ni mahali inapoishi. Mwili wa mutu umejengwa na chembe nyingi sana, ndogo zisizoonekana kwa macho, na kila chembe iko kama nyumba: ina ukuta, jiko, na stoo ya chakula. Mikrobe nyingi zinazotushambulia zinabaki inje ya nyumba hizo, zinazunguka katika damu ao katika matumbo. Ile ya ukoma inaingia ndani. Tena haichagui nyumba yoyote. Inaingia katika chembe askari, zile ambazo kazi yake ni kumeza mikrobe na kuzisaga. Askari anaimeza lakini anashindwa kuisaga, na adui anakaa ndani ya kambi ya jeshi. Inaingia pia katika chembe zinazofunika mishipa ya fahamu, kama vile kaucho linalofunika waya wa umeme. Ukiharibika ule mufuniko, waya hautumiki vizuri. Ndiyo maana mukono hausikii moto. Vidole havianguki vyenyewe kama watu wanavyosema. Vinaharibika kwa vidonda na kwa kuungua, kwa sababu maumivu, ambayo ni mulinzi, hayako tena.

Kwa mambo ya kuzaana, ni mvivu wa ajabu. Mikrobe ya kawaida ya matumbo, katika hali nzuri, inaweza kugawanyika kuwa mbili kwa dakika 20 tu. Ile ya kifua kikuu, ambayo ni ndugu yake, inahitaji karibu siku nzima. Ya ukoma inahitaji siku 12 mupaka 14. Na inapenda mahali penye ubaridi kidogo: masikio, pua, vidole, ngozi. Wainfirmie waliofundishwa kuitafuta walikuwa wanabana ncha ya sikio la mugonjwa, wanakata kidogo sana, wanapaka ule umajimaji kwenye kioo na kuutia rangi. Chini ya mikroskopi vijiti vinaonekana vyekundu, vimefungana kama muzigo wa kuni. Juu ya uvivu huo, mutu anaweza kubeba ugonjwa miaka mitano, hata 20, mbele ya baka la kwanza kuonekana. Mama anamuuliza mutoto wake ugonjwa ulitoka wapi, na hakuna anayeweza kukumbuka.

Browne hakuweza kujua kwa nini iko hivyo. Jibu lilipatikana mwaka wa 2001, miaka 15 baada ya kifo chake, wakati kundi la Stewart Cole wa Institut Pasteur, Paris, pamoja na wenzao wa Uingereza, waliposoma ADN yote ya mikrobe ile. ADN ni kama kitabu cha maagizo, na kila agizo linaitwa jeni. Ndugu yake wa kifua kikuu ana jeni karibu 4,000 zinazotumika. Mikrobe ya ukoma imebaki na 1,600 hivi. Kilichowashangaza zaidi wasomi ni kwamba ndani ya kitabu kile walikuta maagizo mengine karibu 1,100 yaliyoharibika: herufi zimefutika katikati, sentensi zimekatika, haziwezi kusomwa tena. Ilikuwa kama kuingia katika nyumba ya mutu na kukuta sufuria zilizotoboka, jembe bila mupini, radio bila pile, vyote vingali vimepangwa kwenye ukuta.

Maana yake ni hii. Hapo zamani sana, babu za mikrobe hii zilijua kujitafutia. Zilipoingia ndani ya chembe za viumbe wengine, zilikuta chakula tayari, joto tayari, kinga tayari. Jeni isiyotumika ikiharibika, hakuna hasara, basi inabaki imeharibika, na watoto wanairithi vile. Wazee wetu wanasema mugeni siku ya tatu apewe jembe. Mugeni huyu hakupewa jembe, na kizazi baada ya kizazi alisahau hata kulima. Sasa hawezi kuondoka. Ukimutoa katika nyumba ya wengine, hazaani tena.

Na hayuko peke yake. Mikrobe zilizohamia ndani ya chembe za viumbe wengine ni za ukoo nyingi, na zingine hazina ubaya wowote. Cha ajabu, magonjwa yale yale yaliyojaa katika daftari za Yakusu yanazionyesha. Chukua mbung'o wa Chesterman. Ndani ya chembe za tumbo la mbung'o kunaishi mikrobe inayoitwa Wigglesworthia. Mbung'o anakunywa damu tu, na damu haina vitamini zote anazohitaji. Mikrobe ile ndiyo inamutengenezea. Mbung'o dike akiipoteza, hawezi kuzaa vizuri. Wale wawili wameshikamana, mama anampa mutoto wake mikrobe hiyo angali tumboni.

Chukua pia upofu wa muto, ule wa onkoserkozi, unaoletwa na vinzi vidogo vyeusi vinavyozaana mahali maji yanapokimbia kwa nguvu. Watu wa Tshopo wanaujua vizuri: kuwashwa, ngozi ya miguu kuwa na madoa kama chui, kisha macho. Browne aliuchunguza kwa miaka mingi na kuandika juu ya yale madoa meupe. Aliona minyoo, lakini hakuweza kuona kwamba ndani ya chembe za minyoo ile kuna mikrobe nyingine, Wolbachia, ambayo minyoo inaitegemea ili izae. Mwaka wa 2000 watafiti waliofanya kazi Ghana walionyesha kwamba ukimupa mugonjwa antibiyotike inayoitwa doksisiklini, Wolbachia inakufa, na minyoo dike inakuwa tasa. Dawa ya mikrobe kupigana na minyoo! Katika wakati wa Browne, kama mutu angesema hivyo, wangemucheka.

Tena tusiende mbali. Ndani ya karibu kila chembe ya mwili wetu kuna vijumba vidogo vinavyotengeneza nguvu, vinaitwa mitokondria. Wasomi wanakubaliana kwamba vilitokana na bakteria zilizoingia ndani ya chembe nyingine zaidi ya miaka miliari moja iliyopita na hazikutoka tena. Bila mugeni huyo, hatungeweza kunyanyua hata mukono. Kwa hiyo njia ni moja, ya kuingia na kupoteza uwezo wa kuishi inje, lakini mumoja amekuwa sehemu yetu, mwingine analisha mbung'o, na mwingine anakula mishipa ya mukulima wa Isangi.

Turudi kwa Bonganga. Katika miaka ya 1940, Wamarekani walionyesha kwamba dawa za aina ya sulfoni zinaweza kuzuia ukoma, na baadaye moja ya dawa hizo, dapsoni, ikaanza kutolewa kwa vidonge. Ilikuwa rahisi na ya bei ndogo. Ilipofika Yalisombo, kambi ilibadilika. Watu waliokuwa wanangoja kufa walianza kuona mabaka yanafifia, na wengine waliruhusiwa kurudi nyumbani, jambo ambalo lilikuwa halijazoeleka. Browne sasa alikuwa na kitu cha kuwapa wainfirmie wapeleke vijijini. Mutu hakuhitaji tena kufichwa ao kujificha.

Lakini kumbuka tabia ya adui. Anazaana polepole na anakaa ndani ya chembe, basi dawa ilipaswa kutumiwa miaka na miaka, na wengine waliambiwa waimeze maisha yote. Dawa moja tu, kwa muda murefu hivyo, ni hatari. Kati ya mamilioni ya mikrobe kunakosaje moja ambayo, kwa bahati, dawa haiiui? Zingine zinakufa, hiyo inabaki na kuzaa. Mwaka wa 1964, watafiti waliotumika Malaya walithibitisha kwamba kuna mikrobe za ukoma zilizozoea dapsoni. Waliweza kuthibitisha kwa sababu, miaka michache mbele ya hapo, Mumarekani Charles Shepard alikuwa amegundua kwamba mikrobe hizo zinakubali kuota kidogo katika nyayo za panya, mahali penye ubaridi. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza mutu kuwa na njia ya kujaribu dawa inje ya mwili wa mugonjwa.

Wakati huo Browne hakuwa tena Kongo. Mwaka wa 1959 alikwenda Uzuakoli, mashariki ya Nijeria, kuongoza kituo cha utafiti wa ukoma. Pale alipewa kujaribu unga mwekundu wenye jina la namba tu, B663. Ulikuwa umetengenezwa Dublin, katika miaka ya 1950, na munganga wa kemia Vincent Barry na wenzake, ambao walikuwa wanatafuta dawa ya kifua kikuu. Kwa kifua kikuu ulikuwa haujafanikiwa. Browne, pamoja na mwenzake Hogerzeil, waliutoa kwa wagonjwa wachache wa ukoma, na mwaka wa 1962 wakatangaza kwamba mikrobe zinapungua. Miaka michache baadaye aliona faida nyingine: dawa ile ilituliza ule mulipuko wa homa na uvimbe unaowapata wagonjwa wengine mwili unapopigana na mikrobe zilizokufa. Ubaya wake ulikuwa mumoja ulioonekana na kila mutu. Inageuza rangi ya ngozi, inaifanya iwe ya wekundu wa giza, na inachukua miezi mingi kurudi. Wagonjwa wengine waliikataa juu ya hilo, na nani atawalaumu, wakati rangi yenyewe inawatangazia majirani kwamba fulani ana ukoma?

Dawa hiyo baadaye iliitwa klofazimini. Mwaka wa 1982 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba ukoma usitibiwe tena kwa dawa moja: rifampisini, dapsoni na klofazimini zitumiwe pamoja. Mikrobe inayoponyoka moja inakamatwa na nyingine. Badala ya maisha yote, tiba ikawa ya muda unaohesabika.

Kutoka 1966 Browne aliishi London, akiongoza kituo cha masomo ya ukoma na kusafiri inchi nyingi kufundisha wamunganga vijana. Alikuwa Mubaptisti wa kusadiki, na hakutenganisha kazi yake na imani yake. Wanaomusifu na wanaokosoa misioni za wakati wa ukoloni wote wanakubali hilo. Aliishi hata kuona dawa zile tatu zikianza kutumiwa pamoja. Alifariki mwezi wa kwanza mwaka wa 1986, akiwa na miaka 78.

Tangu hapo, mikrobe yake imeendelea kuwashangaza watu. Utafiti wa mwaka wa 2005 ulionyesha kwamba mikrobe za ukoma za dunia nzima zinafanana sana, tofauti zao ni chache, lakini zinatosha kugawanya ukoo ine. Watafiti walipendekeza kwamba ugonjwa ulianzia Afrika ya Mashariki ao Mashariki ya Karibu, ukafuata safari za watu, biashara, na hata meli za watumwa. Mwaka wa 2008 ilipatikana aina ya pili inayoleta ukoma, iliyoonekana kwanza kwa wagonjwa wenye asili ya Meksiko. Na mwaka wa 2021 ugonjwa ulithibitishwa kwa sokwe wa pori katika Guinea-Bissau na Côte d'Ivoire, ambao hawaishi na watu.

Hapa Kongo, ukoma haujaisha. Inchi yetu ingali inahesabu maelfu ya wagonjwa wapya kila mwaka, na ni kati ya zile zinazoongoza Afrika. Watu zaidi ya 9 kati ya 10 miili yao inaishinda mikrobe bila hata wao kujua. Kwa wale wengine, alama ya kwanza ni baka lililofifia ao lenye wekundu kidogo, lisilowasha, na ukiligusa na unyoya, mutu hasikii. Baka la namna hiyo linapimwa kwenye kituo cha afya. Dawa hazilipwi, Shirika la Afya Duniani linazitoa bure tangu 1995, na zinamezwa miezi 6 kwa mwenye mabaka machache, miezi 12 kwa mwenye mengi. Kila mwezi mugonjwa anapewa kadi yenye vidonge vya kutosha, na baada ya kuanza tiba, haambukizi tena wengine. Katika kadi hiyo kuna vidonge laini vya rangi nyekundu ya giza. Ni ule unga wa Uzuakoli. Siku hizi unatumiwa pia kwa kifua kikuu sugu, ugonjwa ambao Barry alikuwa anautafutia dawa tangu mwanzo.